Kitasa cha wifi kikipotea hewani, ruta ichunguzwe kwanza

Mfanyabiashara wa Nassa au Lamadi anayejenga nyumba ya wageni kando ya barabara ya Mwanza–Musoma anaweza leo kuagiza kitasa cha wifi na kukipokea kwa basi. Kinachomvutia ni kukaa Bariadi na kumfungulia mgeni mlango kwa simu, bila kumlipa mtu wa zamu ya usiku. Hesabu hiyo huharibika kitasa kinapoanza kupotea hewani. Mgeni aliyeshuka basi saa sita usiku hasubiri fundi. Huvuka barabara akalala kwa mshindani.

Wengi hukimbilia kumrudishia muuzaji bidhaa, na mara nyingi wanamwonea. Kitasa huendeshwa na betri ndogo, aghalabu nne, hivyo redio yake hulazimika kubana nguvu. Simu kupata wifi mlangoni si ushahidi kwamba kitasa nacho kinaipata. Mlango wa chuma, ambao ndio chaguo la wenye maduka na maghala, huzuia mawimbi zaidi. Ruta iliyofungiwa kabatini ofisini isogezwe karibu, na betri zibadilishwe kabla hazijachoka kabisa.

Aidha, vitasa vingi husikia masafa ya gigahezi 2.4 tu, wakati ruta za siku hizi hutoa 2.4 na 5 kwa jina moja. Mwenye mali atenganishe majina hayo, kisha aunganishe kitasa kwenye 2.4. Anayetumia simu yake badala ya ruta hana haja ya fundi: akienda Nyashimo, wifi imeondoka naye.

Kubwa kuliko yote ni umeme. Ukikatika, kitasa kinabaki hai kwa betri zake lakini ruta inazima. Ukirudi, ruta huchukua dakika kadhaa kuamka, na baadhi ya vitasa havijiungi tena mpaka mtu atoe betri na kuzirudisha. Betri ya akiba ya ruta ingepaswa kuwa kwenye bajeti ileile ya kitasa. Wauzaji hawaitaji, kwa kuwa inapandisha bei ya kitu wanachokinadi kwa urahisi wake.

Hata hivyo, wifi ikiwa imara bado haitoshi. Amri ya kufungua mlango wa Nassa kutoka mbali kwa kawaida hupitia kompyuta za mtengenezaji, mara nyingi ng'ambo, ndipo irudi. Bando likiisha, njia imefungwa. Mei 12, 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika na intaneti ikayumba Tanzania nzima. Siku kama hiyo hakuna ruta ya kusogezwa. Agosti 2017 kampuni ya Marekani, LockState, ilituma programu isiyo sahihi kwenye vitasa vyake, na takriban wateja 500, wakiwamo wenye nyumba za kupangisha wageni, wakabaki na vitasa visivyofunguka kwa namba.

Kwa hiyo kitasa kinachotegemea wifi peke yake hakifai kwa biashara, hata kiwe cha bei nafuu namna gani. Kinachofaa ni chenye vibonye vya namba na tundu la ufunguo wa kawaida, ufunguo huo ukae kwa mtu anayelala jirani. Mshahara wa mtu huyo usifutwe kwenye mahesabu, na anayewekeza fedha zake katika nyumba ya namna hiyo aulize kama umefutwa.

Vitasa vingi hutunza namba ndani yake, hivyo hufunguka hata wifi ikiwa imekufa. Lakini namba mpya iliyotumwa kutoka mbali wakati kitasa hakipo hewani haikifikii hadi kirudi. Namba ya mgeni wa Jumamosi iwekwe Ijumaa mchana, na mtu aliye pale Nassa aijaribu mlangoni kabla giza halijaingia.