Msiseme ni muziki wa wavuta bangi: uliimbwa na watoto wa vita



Juma hili, redio ilipomaliza kupiga nyimbo za zamani za Waingereza, msikilizaji mmoja alitutumia ujumbe mkali. Alisema muziki ule ni wa wavuta bangi, na mtu aliyekimbia vita hana faida nao. Wengi wanawaza kama yeye. Mimi ninakataa, na nitasema sababu.

Tunaongelea muziki unaoitwa saikedeliki, uliovuma Uingereza hasa kati ya mwaka 1966 na 1968. Ni muziki wenye sauti kama za ndoto: gitaa linasikika kinyumenyume, kanda inabadilishwa mwendo, ala za Kihindi zinaingia katikati ya wimbo. The Beatles walitoa albamu yao Sgt. Pepper mwaka 1967, na Pink Floyd walitoa albamu yao ya kwanza mwaka huohuo. Leo, karibu miaka 60 imepita, na vijana ambao hata wazazi wao walikuwa hawajazaliwa wangali wanazisikiliza.

Je, ni nguvu ya madawa ya kulevya? Sikatai kwamba yalikuwepo. Wengi wao walitumia LSD, na wengine walikiri hadharani. Lakini dawa haitungi wimbo. Mtazameni Syd Barrett, aliyekuwa mtunzi mkuu wa Pink Floyd. Akili yake ilipovurugika, jambo ambalo wenzake walisema madawa yalilichangia, hakuzidi kutunga vizuri. Alishindwa hata kupiga gitaa jukwaani, akatoka katika kundi mwaka 1968. Baada ya 1970 hakutoa tena albamu mpya. Dawa ilimnyamazisha.

Sasa sikilizeni walikuwa wanaimba nini. Mwezi wa pili 1967, The Beatles walitoa nyimbo mbili kwenye sahani moja. Ya kwanza, Penny Lane, ni jina la barabara ya Liverpool, mji wao, na ndani yake kuna kinyozi, mtu wa benki na mzima moto. Ya pili ilichukua jina la Strawberry Field, nyumba ya Jeshi la Wokovu ya kulelea watoto, karibu na pale alipokulia John Lennon. Alipokuwa mdogo alicheza katika bustani yake. Nao Pink Floyd walichukua jina la albamu yao katika sura ya kitabu cha watoto. Hawa ni watu wazima wanaotafuta njia ya kurudi nyumbani.

Kwa nini waliitafuta hivyo? Kwangu jibu ni vita. Lennon alizaliwa mwezi wa kumi 1940, wakati ndege za Wajerumani zilikuwa zinaipiga Liverpool mabomu. Mwaka uliotangulia, katika siku chache za mwanzo wa mwezi wa tisa, serikali ya Uingereza ilihamisha watu karibu milioni moja na nusu toka mijini kwenda vijijini. Wengi wao walikuwa watoto wasio na wazazi wao, karatasi ya jina ikiwa imefungwa kwenye nguo. Roger Waters wa Pink Floyd alikuwa na miezi mitano tu baba yake alipouawa vitani Italia, mwaka 1944. Chakula kiligawiwa kwa kadi, kama jetoni mnazozijua katika kambi, na kadi hizo hazikuisha mpaka 1954. Kizazi hicho kilipokua, kiliimba juu ya barabara, bustani na michezo. Msikilizaji wetu anasema muziki huo hauwahusu waliokimbia vita. Ni nani basi unaomhusu zaidi?

Kuna sababu nyingine ya nyimbo hizo kudumu: zilitunzwa. Kanda za Sgt. Pepper zilihifadhiwa vizuri hata mwaka 2017 mafundi wakazifungua na kuitengeneza albamu upya. Kitu kisichotunzwa hakiwezi kupendwa na wajukuu.

Na sisi je? Jean Bosco Mwenda wa Katanga alipiga gitaa na kuimba kwa Kiswahili miaka 15 kabla ya hayo yote. Tunamsikia leo kwa sababu Hugh Tracey alimrekodi mwaka 1952, na kazi hiyo imehifadhiwa Afrika Kusini. Kama mgeni yule asingepita na mashine yake, tungebaki na nini?

Ndiyo maana ninawapinga wale wanaosema mtu wa kambini anahitaji unga tu, nyimbo zitakuja baadaye. Unga tunauhitaji, tena unachelewa. Lakini bibi anayeujua wimbo wa mavuno wa kijiji ambacho hakina mtu tena hawezi kungojea. Akifariki chini ya bashi, wimbo umekwenda naye, na hakuna shirika litakaloleta mwingine kwa lori.

Mali bila daftari hupotea bila habari. Vijana, simu mnazo. Jioni hii ombeni mama zenu na wazee wenu waimbe, mrekodi, na mseme jina la mwimbaji, la kijiji na la kilima. Halafu mtuletee redioni. Tutazipiga.