Kwa Nini Mfumo Unaweza Kuona 10,000 ni Ndogo Kuliko 9,500

Kodi yako ya nyumba ni shilingi 9,500. Umetuma 10,000, meseji ya kuthibitisha umepata, halafu kesho yake unaandikiwa ati una deni. Wengi wetu hulaumu mtandao. Sisi tunasema uliza kwanza: huyo uliyemlipa ameweka data yake vipi?

Kompyuta hutofautisha nambari na maandishi. 10000 ikihifadhiwa kama maandishi si pesa tena, ni alama tano tu zimepangwa. Maandishi hulinganishwa vile maneno hupangwa kwa kamusi, alama ya kwanza dhidi ya ya kwanza. 1 hutangulia 9. Kwa hivyo sharti la "kama alicholipa ni chini ya 9500, mtumie onyo" linakunasa. Mashine haijakosea hesabu, haijahesabu kabisa.

Nambari ya akaunti nayo ni kinyume. Inafanana na nambari lakini kazi yake ni ya jina. Mwanafunzi 0045 akihifadhiwa kama nambari anabaki 45 (Excel hukata hizo sufuri bila hata kukuuliza). Mfumo ukitafuta "0045" haumpati, na karo inakaa bila mwenyewe.

Kuna ubaya zaidi: kuchanganya aina zote mbili kwa sharti moja. MySQL ikiambiwa ilinganishe maandishi na nambari, huyageuza maandishi yawe nambari. Nyumba "B12" inakuwa sufuri, "C3" pia sufuri, kwa hivyo ukitafuta akaunti 0 zote mbili zinajitokeza. PostgreSQL hugoma na kuleta hitilafu. Wengine huona huo ni usumbufu. Kwetu, heri programu inayogoma kuliko inayokisia na pesa za watu.

Kila biashara inayopokea malipo kwa simu ingefaa kuweka kiasi kama nambari, akaunti kama maandishi, na kama lazima kigeuzwe kitu, kigeuzwe wazi kabla ya sharti kusomwa. Si kazi kubwa hiyo.

Wewe mteja, andika akaunti vile ulivyopewa, na sufuri zake zote. Ukidaiwa na umelipa, usitume pesa mara ya pili. Mtumie mwenye nyumba ile nambari ya muamala iliyo kwa meseji yako, na umwombe aangalie kama safu ya kiasi kwa mfumo wake imewekwa kama nambari au kama maandishi.