Kipindi cha mwisho si stoo ya kila kitu

Leo naweka programu kando, nina ugomvi na tamthilia. Onyo kwa ambao hawajaimaliza Battlestar Galactica: nasimulia mwisho wote, bila huruma.

Kipindi cha mwisho, "Daybreak", kilikamilika kuonyeshwa Marekani Machi 2009. Kwa miaka kadhaa tulikuwa tumewafuata mabaki ya binadamu wakikimbizwa angani na roboti. Halafu, mara moja, waandishi wakataka kumaliza vita, kumwokoa mtoto Hera, kufumbua ndoto, kumleta Mungu na wajumbe wake, kumpoteza Kara Thrace ghafla kama moshi, na juu ya yote hayo kutueleza binadamu tulitoka wapi. Jibu? Walitua hapa duniani miaka 150,000 iliyopita, na mabaki ya Hera yakaja kupatikana Tanzania. Naam, kwetu!

Anayeandika programu anajua kwamba usiku wa kutoa toleo si usiku wa kuongeza vitu vipya.

Tazama kilichobanwa. Watu zaidi ya 30,000 wanatua nyikani, wanakubali kutupa mitambo yao, na meli zote zinaelekezwa kwenye jua. Mjadala wenyewe ungekwisha kabla kikombe cha chai hakijapoa. Mimi nakaa Isiolo. Hapa, kuanzia mwisho wa 2020, mvua ilikosa misimu mitano mfululizo, na watu waliozaliwa kati ya ng'ombe na ngamia wakabaki kuhesabu mizoga. Sasa nyinyi mliotoka jana kwenye meli za chuma, hata mbuzi hamna, mtamaliza kiangazi kimoja kweli? Wagonjwa watatibiwa na nini? Nani alikataa, na alifanywaje? Hilo peke yake ni la msimu mzima.

Na msiniambie maisha ya nyika ni maisha bila teknolojia. Waborana wana visima virefu, na kila kisima kina abba herega, msimamizi anayepanga mifugo ya nani inywe lini. Huo ni mtambo, ila hauna waya. Waandishi waliona nyasi wakadhani pale hakuna kitu.

Hata sayansi iliumia kwa haraka hiyo. Hera anageuzwa kuwa "Hawa wa mitokondria", na tunaambiwa huyo ndiye mzazi wa karibuni zaidi wa watu wote walio hai. Sivyo. Tangu utafiti uliotangazwa mwaka 1987, jina hilo ni la ukoo wa mama kwa mama tu. Kwa njia nyingine tuna wazazi wa pamoja wa karibu zaidi.

Watetezi husema tamthilia ile ilihusu watu, si mafumbo. Ronald D. Moore, aliyeiongoza, naye alisema hivyo. Vizuri! Basi chimbuko la wanadamu wote lilikuwa linatafuta nini mle?

Mwaka huo huo wa 2009 Wanuri Kahiu wa hapa Kenya alitoa Pumzi. Ni filamu fupi, najua, haikuwa na deni la misimu minne. Dunia yake imekauka baada ya vita vya maji. Mwishoni Asha anafukia mche jangwani, anaumwagilia maji yake ya mwisho, anaukinga na jua kwa mwili wake. Nani aliiumba dunia hiyo hatuambiwi, na sijamsikia mtu akiuliza.