Kiraka Kijaribiwe na Aliyeridhia Kujaribu

Kila simu na kila kompyuta hapa Mabela hushonwa viraka. Ujumbe hutokea kwenye kioo kwamba kuna toleo jipya, mwenye simu hubonyeza, simu hujizima na kujiwasha, basi. Kiraka cha programu ni kama kile cha nguo, kazi yake kuziba tundu. Ila fundi cherehani akikosea, ameharibu nguo moja ya mteja mmoja. Mwandishi wa programu hushona kiraka kimoja kikavaliwa na mamilioni ya watu asubuhi ileile. Ndiyo maana suala la nani apewe kiraka kwanza si la mafundi peke yao. Ni suala la haki, na sisi wa chama cha Kiswahili tuna la kusema ndani yake.

Tuanze na mgawanyo wenyewe. Watengenezaji wengi wa programu huwaweka watumiaji katika makundi mawili. Kundi la kwanza ni wajaribu. Hawa wamejiandikisha kupokea toleo la majaribio, wanajua linaweza kuharibika mkononi, na wanatarajiwa kutoa taarifa likiharibika. Kundi la pili ni watumiaji wa toleo thabiti. Hawa hawataki mapya ya leo. Wanataka kile kilichofanya kazi jana kifanye kazi na kesho.

Debian, mfumo wa kompyuta unaotengenezwa na watu wa kujitolea, umeugeuza mgawanyo huu kuwa ngazi. Programu mpya huingia kwanza katika ngazi isiyo thabiti. Ikikaa siku kadhaa bila kuonekana hitilafu kubwa, hupanda ngazi ya majaribio. Baada ya muda mrefu ndipo huingia toleo thabiti. Viraka vya usalama peke yake ndivyo vyenye mlango wao, vikawafikia watu wa toleo thabiti bila kupanda ngazi zote. Mlango huo tutaurudia.

Faida ya ngazi hizo ilionekana Machi 2024. Mtu aliyejijengea uaminifu kwa muda mrefu alikuwa ameficha mlango wa nyuma ndani ya xz, programu ndogo ya kubana mafaili inayotumiwa na kompyuta nyingi duniani. Matoleo yenye sumu, 5.6.0 na 5.6.1, yalikuwa tayari yamefika ngazi za majaribio za Debian na Fedora. Andres Freund, mhandisi wa Microsoft, alikuwa akitumia Debian isiyo thabiti, akaona kuingia kwenye kompyuta yake kwa njia ya mtandao kunachelewa takriban nusu sekunde. Wengi wangepuuza. Yeye alichimba, na tarehe 29 Machi akautangazia ulimwengu. Toleo thabiti la Debian lilikuwa halijaguswa. Mjaribu aliona, na watu wengi ambao hawakujua hata jina la programu hiyo wakasalimika.

Miezi minne haikupita tukaona kinyume chake. Tarehe 19 Julai 2024, siku ya Ijumaa, saa 2 na dakika 9 asubuhi kwa saa za Muscat, kampuni ya CrowdStrike ilisambaza faili dogo la maelekezo kwa programu yake ya ulinzi. Faili liliitaka programu isome kipengele cha 21 ilhali ilikuwa imepewa 20 tu. Kompyuta zikaanguka na kuonyesha kioo cha buluu. Kampuni ilikuja kulirudisha faili saa 3 na dakika 27, yaani dakika 78 baadaye, lakini Microsoft ilikadiria kuwa kompyuta milioni 8.5 zilikwisha athirika. Ndege zilibaki chini na hospitali na benki zikakwama katika nchi nyingi.

Jambo la kutia uchungu zaidi katika mkasa huo halikusemwa sana. Walikuwepo wateja waliochagua rasmi kuwa nyuma kwa toleo moja au mawili, wapite wengine kwanza. Lakini uchaguzi wao ulihesabiwa kwa programu yenyewe, haukuhesabiwa kwa mafaili ya maelekezo. Wakapokea faili lile dakika zilezile na wenzao, wakaanguka nao. Kwa jina walikuwa watumiaji wa toleo thabiti, kwa hakika walikuwa wajaribu wasioulizwa. Baada ya mkasa kampuni ilitangaza kuwa mafaili ya aina hiyo nayo yatatolewa hatua kwa hatua, na wateja watapewa uwezo wa kuchagua. Ni vyema, ila somo limelipiwa na watu wengine.

Hapo ndipo msimamo wetu unapoanzia. Anayejaribiwa ajue kwamba anajaribiwa, na awe ameridhia. Si halali kumwita mtu mtumiaji wa kawaida kisha kumfanya wa kwanza kuonja chakula ambacho mpishi mwenyewe hajakionja.

Wapo watakaotujibu kwamba kusubiri nako kuna hatari, na hatuwabishii. Tarehe 14 Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha tundu moja la Windows. Tarehe 12 Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kilipita katika tundu hilohilo, kikafunga kompyuta zaidi ya 200,000 katika nchi zipatazo 150, na hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Kiraka kilikuwepo kwa takriban miezi miwili. Ambao hawakukivaa ndio walioumia. Wahenga wetu walikwisha yaona yote mawili. Walisema haraka haraka haina baraka, na walisema ngoja ngoja yaumiza matumbo. Anayechukua methali moja akaiacha nyingine hajasikia shauri lote.

Kwa hiyo hatusemi kila kiraka kisubiri sawa. Kiraka cha kubadilisha sura ya programu, kuongeza vitufe au kuhamisha menyu kinaweza kukaa na wajaribu mwezi mzima na hapana atakayedhurika. Kiraka cha kuziba tundu ambalo wezi wamekwisha lijua kipite mlango wa pekee, lakini hata huko kianze na wachache kwa saa chache kabla ya kumwagwa kwa wote. CrowdStrike ingetoa faili lake kwa kompyuta 1,000 na kusubiri nusu saa tu, ulimwengu usingelijua jina la faili hilo.

Kuridhia peke yake hakutoshi, kwani mjaribu lazima afanane na yule atakayekuja kutumia. Afrika Mashariki ina mfano mzuri wa jambo hili. Kabla Safaricom haijaizindua M-Pesa Machi 2007, huduma hiyo ilijaribiwa kuanzia Oktoba 2005 na wateja wasiofika 500, katikati ya Nairobi, Mathare na Thika. Ilikuwa imebuniwa kwa ajili ya kupokea na kulipa mikopo midogo. Wajaribu walikuwa wakopaji wa kweli, wafanyabiashara wadogo, si wahandisi wa ofisini. Wakaanza kuitumia kwa mambo ambayo hapana aliyeyapanga: kulipana wao kwa wao, na kuweka fedha mahali pamoja wakazitoa wafikapo pengine ili wasisafiri na noti mfukoni. Huduma ilipozinduliwa, shughuli yake kuu ikawa kutuma pesa. Wangejaribu wahandisi peke yao, pengine ingebaki mashine ya kulipia mikopo.

Sasa tugeukie lugha yetu. Je, nani hukijaribu Kiswahili cha programu kabla hakijawafikia watumiaji wa toleo thabiti? Mara nyingi hakuna. Mjaribu hutumia toleo la Kiingereza, huona kila kitufe kinafanya kazi, hupiga muhuri. Maneno ya Kiswahili husafiri ndani ya kiraka hichohicho bila jicho la mtu. Na kosa la lugha haliangushi mashine, kwa hiyo vihesabio vya hitilafu havilioni. Kompyuta ikizimika, taarifa hutumwa yenyewe kwa mtengenezaji. Bibi asipoelewa, hapana taarifa inayotumwa popote.

Tuchukue mfano wa saa. Simu inataka kujishona kiraka usiku wa manane, wakati watu wamelala, ikaandika: "Simu itajizima saa 2:00 usiku." Kwa mfasiri aliyehamisha tarakimu kutoka Kiingereza, sentensi ni sahihi. Kwa wazee wetu hapa Mabela, waliozaliwa Unguja, Pemba, Mombasa au Bujumbura, saa 2 usiku ni baada ya Isha, watu wanakula. Ile ya usiku wa manane ni saa 8. Mzee ataiangalia simu saa 2 yake, ataona haikuzima, atadhani mambo yamekwisha, kisha aamke alfajiri aikute simu inadai neno la siri alilolisahau zamani. Tofauti ni saa sita, na hakuna mjaribu wa Kiingereza atakayeigundua.

Au tuchukue ngeli. Kiingereza hutosheka na neno moja kueleza kilichofutwa, kiwe nini. Sisi twasema ujumbe umefutwa, picha imefutwa, kikundi kimefutwa, majina yamefutwa. Mtengenezaji aliyeacha nafasi ya neno moja hutupa "imefutwa" kwa vyote, na msomaji hubaki kujiuliza ni kipi kilichokwenda. Wahadhiri wetu hutumia muhula mzima kutufundisha upatanisho wa kisarufi. Kumbe somo hilo linahitajika katika viraka kuliko tunavyodhani.

Maana yake ni kwamba mtumiaji wa Kiswahili, hata akichagua toleo thabiti, kwa upande wa lugha anabaki mjaribu asiyeulizwa. Yuko hali moja na wale wateja wa CrowdStrike.

Tunapendekeza mambo matatu. La kwanza, chama kiwe na kundi la wajaribu wa Kiswahili. Google humtaka mwenye akaunti binafsi iliyofunguliwa baada ya tarehe 13 Novemba 2023 awe na wajaribu wasiopungua 12, wakae na programu siku 14 mfululizo, kabla hajaruhusiwa kuiweka dukani kwa umma. Wanafunzi wenzetu wa kompyuta huwatafuta watu hao 12 kwa shida. Sisi tunao. Tuwape wajaribu, nao watupe programu iliyoandikwa Kiswahili cha watu.

La pili, tusiwafanye wazee wetu wajaribu. Simu ya bibi ndiyo inayomletea sauti ya mdogo wake aliyeko Zanzibar. Ibaki katika toleo thabiti, na viraka vya usalama viachwe vijishone vyenyewe. Atakayejiandikisha kujaribu atumie simu ya pili, wala asiweke toleo la majaribio kwenye simu yenye benki yake au kazi ya mtihani.

La tatu ni ombi kwa wahadhiri wetu. Mwaka 2004 Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilitoa Jambo OpenOffice, programu za ofisi kwa Kiswahili, na wataalamu wa lugha walikaa meza moja na wa kompyuta. Kazi ya aina hiyo inaweza kuwa zoezi la darasani. Mwanafunzi apewe toleo la majaribio la programu huria, asome maneno yake yote, aandike taarifa ya makosa ya saa, ngeli na istilahi, aitume kwa watengenezaji. Atapata alama zake, na kiraka kitatoka kimesahihishwa.

Twajua litakuja swali: kwa nini tuzifanyie kazi bure kampuni tajiri? Swali ni la haki, na ndiyo maana tumetaja kwanza wanafunzi wenzetu na programu huria, ambazo ni mali ya wote. Kampuni tajiri inayotaka wajaribu wa Kiswahili ije itulipe. Lakini ijue kwamba kutoa kiraka kwa wasema Kiswahili bila ya msema Kiswahili hata mmoja kukiona si toleo thabiti, hata likiandikwa hivyo.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, na wazibaji wa ufa huu wa lugha hawatatoka mbali. Watakaokuwa tayari kuingia katika kundi la wajaribu waandike majina yao kwa katibu wa chama kabla ya mkutano ujao. Tunahitaji 12 wa kuanzia.