Tahariri: Jembe na Daftari

Mitihani ya Kidato cha Nne huangukia Novemba, mvua za vuli zikiwa zimeshika Ngara na Biharamulo na kila mkono ukihitajiwa shambani. Hapo ndipo mtahiniwa hupotewa na saa zake za kudurusu. Twawasihi wazazi: mpeni mtoto walau saa mbili za taa na utulivu kila jioni.

Nanyi wanafunzi, kupitisha macho daftarini mara kumi si kudurusu. Lifungeni, andikeni mnachokumbuka, kisha lifungueni mjisahihishe. Baada ya siku chache jiulizeni tena. Jibuni karatasi za miaka iliyopita za Baraza la Mitihani kwa Kiingereza, kwani masomo mengi hutahiniwa kwa lugha hiyo, ilhali msingi wengi wenu mliupata kwa Kiswahili.

Shamba hulimwa na wengi. Mtihani mtoto huufanya peke yake.