Mkopo wa simu si siri ya mtu mmoja

Kifungu cha 59 cha Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kinamzuia mume au mke wa Tanzania kuuza, kupangisha au kuweka rehani nyumba ya familia bila ridhaa ya mwenzake. Ndiyo maana benki, kabla ya kutoa mkopo kwa dhamana ya nyumba, humtaka na mwenza aje atie sahihi. Kenya nayo ina masharti ya namna hiyo katika Sheria ya Ardhi ya 2012. Ni kinga nzuri, ila inalinda mlango ambao familia nyingi hazipiti kabisa. Deni linaloingia majumbani leo halihitaji hati wala sahihi. Linaingia usiku, mwenzako akiwa amelala pembeni yako, kwa kubonyeza namba ya siri ya tarakimu nne, na asubuhi hakuna anayejua isipokuwa aliyekopa. Hoja yangu ni kwamba usiri huu ndio unaoziumiza nyumba kuliko hata riba, na kwamba mume na mke wanaoishi pamoja kwa amani wanapaswa kukubaliana kuwa hakuna mkopo wa simu, hata wa elfu kumi, utakaochukuliwa bila mwingine kuambiwa.

Tukumbuke watu walivyokuwa wakikopa, na wengi bado wanakopa hivyo. Ukihitaji fedha unakwenda kwenye kikoba, unasema mbele ya wenzako unataka kiasi gani na cha nini. Ukicheza upatu, kila mmoja anajua zamu ni ya nani. Mwenye duka akikuandika kwenye daftari, anakujua wewe na watoto wako. Shangazi hakupi fedha mpaka amekuuliza maswali mawili matatu. Kulikuwa na aibu ndani yake, na aibu hiyo iliwanyima msaada watu waliouhitaji kweli. Kwa hiyo huduma ya mikopo ya simu ya M-Shwari ilipoanzishwa Kenya Novemba 2012, na M-Pawa ikafuata Tanzania mwaka 2014, watu walipata nafuu ya kweli: wangeweza kukopa bila kumpigia mtu magoti. Zikaja Fuliza na Songesha, ambazo hata kuomba mkopo huhitaji, kwani zinakujazia kiasi kilichopungua pale salio linapokwisha katikati ya malipo. Sitaki turudi kwenye kupiga magoti. Ila pamoja na aibu ile liliondoka pia sikio la mtu wa pili, yule aliyeuliza fedha ni za nini na zitarudi vipi, na hakuna kilichokaa mahali pake.

Madhara yake yanaonekana kwenye takwimu. CGAP, taasisi ya masuala ya huduma za fedha iliyo ndani ya Benki ya Dunia, ilichapisha mwaka 2018 matokeo ya uchunguzi wake kwa wakopaji wa simu wa Kenya na Tanzania. Zaidi ya nusu ya wakopaji wa Tanzania waliohojiwa walisema wamewahi kuchelewa kulipa, na karibu theluthi moja walishindwa kabisa. Kenya waliochelewa walikuwa karibu nusu. Wengi walisema walikopa kwa mahitaji ya kawaida ya nyumbani, na hilo ndilo linalopaswa kututia wasiwasi zaidi. Mkopo wa biashara unaweza kuzaa fedha ya kuulipa, lakini mkopo wa unga, mafuta ya taa na nauli hauzai kitu, unalipwa kwa fedha ya unga wa mwezi ujao. M-Shwari ilikuja na ada ya asilimia 7.5 kwa siku 30. Kwa shilingi 5,000 za Kenya hiyo ni shilingi 375, na nani atasumbuka kumwambia mwenzake habari ya 375? Lakini anayeurudia mkopo huo kila mwezi kwa mwaka mzima atakuwa ametoa shilingi 4,500 kwa ajili ya 5,000 zilezile. Jumla hiyo haionekani popote kwenye simu, kwa sababu kila mwezi unahesabiwa peke yake. Mtu wa pili nyumbani, anayejua kwamba huu ni mwezi wa sita mfululizo, ndiye angeweza kuiona.

Kuna jambo jingine ambalo halisemwi vya kutosha. Huduma kama Fuliza na Songesha hujilipa zenyewe mara tu fedha inapoingia kwenye laini ya mdaiwa. Mume yuko safarini, anatuma fedha ya matumizi ya wiki. Inapofika kwa mke, sehemu yake inakatwa palepale kulipa deni ambalo mume hakulijua. Mke anaogopa kusema, anabana chakula, au anakopa kwingine kuziba pengo. Mume akirudi anauliza fedha imekwenda wapi, naye pengine ana madeni yake mawili ambayo mke hayajui. Kila mmoja anapanga bajeti kwa mapato ambayo tayari yameshaliwa, na kila mmoja anamwona mwenzake mbadhirifu. Ugomvi wa namna hii hauishi kwa kuongeza kipato, maana kila kinachoongezeka kinakatwa kabla hakijafika mezani.

Halafu kuna mikopo ambayo Watanzania wenyewe wameipa jina la kausha damu. Novemba 2024 Benki Kuu ya Tanzania ilitangaza orodha ya majukwaa na programu 69 zilizokuwa zikikopesha mtandaoni bila leseni. Baadhi ya programu za aina hii, unapozipakua, huomba ruhusa ya kusoma orodha ya majina kwenye simu yako. Ukichelewa kulipa, ujumbe unaanza kwenda kwa bosi wako, kwa mama mkwe, kwa mchungaji au imamu wako, kwa fundi aliyekutengenezea mlango, kwamba wewe ni mdaiwa sugu. Tuangalie jambo hili linavyokuwa. Mtu aliyemficha mke au mume wake kwa sababu ya aibu anaishia kuanikwa mbele ya watu mia mbili, na mara nyingi aliyelala naye kitanda kimoja anaisikia habari hiyo kwa jirani. Siri uliyoishika mbele ya mwenza wako ulishamkabidhi mtu usiyemjua siku ile uliyobonyeza kukubali.

Watakaonipinga wataanza na dharura. Mtoto ana homa saa nane usiku, baba yuko zamu, simu yake haipatikani. Je, mama asubiri ruhusa? Hapana, akope. Watafiti Suri, Bharadwaj na Jack, katika utafiti wao uliochapishwa mwaka 2021, waliona kwamba kaya za Kenya zilizostahili kupata mkopo wa M-Shwari hazikulazimika mara nyingi kama nyingine kuacha matumizi muhimu zilipopatwa na msukosuko. Mkopo wa simu unaokoa, na anayeshauri ufutwe hajui maisha ya watu. Lakini ninachodai ni taarifa, na taarifa inaweza kutolewa kesho yake asubuhi. Dharura inahalalisha kukopa kabla ya kusema. Haihalalishi kunyamaza miezi mitatu.

Wengine watasema kila mtu mzima ana fedha zake. Ni kweli, na sina tatizo na mume na mke kuwa na akaunti tofauti. Ila sheria yenyewe haikubali kwamba madeni ya nyumbani ni ya mtu mmoja: kwa kifungu cha 114 cha Sheria ya Ndoa, mahakama inapogawa mali ya wanaoachana huangalia pia madeni ambayo mmoja wao aliingia kwa manufaa ya wote wawili. Itakuwaje basi deni lihesabiwe kuwa la wawili siku ya kuachana, na kabla ya hapo lisijulikane kwa wawili?

Pingamizi zito kuliko yote linatoka kwa wanawake, na lazima lisikilizwe. Zipo nyumba ambazo mwanamke akitaja fedha, fedha inachukuliwa, au anapigwa. Kwake siri ndiyo akiba yake na ndiyo nauli ya kuondokea. Kwa nyumba hizo kanuni yangu haifai, na simwambii mwanamke yeyote ajianike kwa mtu anayemdhuru. Amwambie dada yake, au mwenzake wa kikoba anayemwamini, ili asibaki peke yake na deni. Lakini katika nyumba zisizo na kipigo, tutofautishe taarifa na ruhusa. Mume anayeitumia kanuni hii kumkagua mke, huku mikopo yake ya kubeti imefungwa nyuma ya namba ya siri, hajaielewa. Aanze yeye kusema, kwa kuwa mara nyingi yeye ndiye mwenye sauti kubwa ndani ya nyumba na asiye na cha kuogopa.

Mazungumzo yenyewe hayahitaji kikao cha wazee. Ni mambo manne tu: kiasi, sababu, siku ya kulipa, na fedha itakayolipa. Hilo la nne ndilo linalokwamisha mikopo mingi, na ndiyo faida yake, kwani asiyeweza kutaja fedha ya kulipia bado hajawa tayari kukopa. Kwa waliokwisha kufichana madeni, pagumu ni kuanza. Wasiwekane chini siku ya ugomvi, wala mbele ya watoto. Wachague jioni moja kabla ya Januari, kabla ada, sare na madaftari hayajafika, kila mmoja aandike kwenye karatasi anachodaiwa na wapi, wabadilishane karatasi, na wote wawili waahidi mapema kwamba usiku huo hakuna atakayeuliza kwa nini. Kisha waamue deni gani lilipwe kwanza, wakianza na lile linalokata fedha ya chakula.