Paka Mgeni: Kumzuia kwa Huruma si Kumdhulumu

 

Swali la wiki hii limetufikia kutoka bara. Dada yetu mmoja, mzaliwa wa Mombasa aliyeolewa Kitale, aeleza kwamba mumewe hufanya biashara ya mahindi na nyumba yao imeungana na ghala. Panya wamezidi. Wifi yake aliyeko Bungoma alimpa paka jike aliyekwisha kukua, naye akamsafirisha kwa matatu ndani ya gunia, akapita naye Kamukuywa na Kiminini hadi nyumbani. Alipofika alilifungua gunia uani, akaweka kisahani cha maziwa, akaenda zake kupika. Kulipopambazuka paka hayupo, na hajaonekana tena. Mwanawe wa miaka saba alilia siku mbili.

Sasa wifi ameahidi paka wa pili. Jirani amshauri dada yetu amfungie chumbani kwa wiki kadhaa. Mavyaa wake amkataza, akimkumbusha habari ya mwanamke aliyeingia motoni kwa sababu ya kumfungia paka. Dada auliza: ashike neno la nani?

Tuanze na hadithi yenyewe, kwani ni sahihi na imepokewa na Bukhari na Muslim. Mwanamke yule aliadhibiwa kwa paka aliyemfungia hata akafa. Lakini Mtume (s.a.w.) hakuishia kwenye kufungia. Alibainisha kwamba mwanamke huyo hakumlisha paka wala hakumnywesha, na wala hakumwachilia ajitafutie wadudu wa ardhini. Dhulma yake ilikuwa kukusanya mambo mawili: kumnyima riziki, kisha kumzibia njia ya kuitafuta. Wanazuoni walioisherehesha hadithi hii wamefahamu kwamba kumfuga paka, hata kumzuia mahali, kwajuzu maadamu mwenye kumzuia hapuuzi chakula chake na maji yake.

Basi mavyaa ana haki ya kuogopa, na jirani ana haki katika ushauri wake. Paka aliyezuiwa katika chumba chenye chakula, maji na pa kujificha yuko katika hifadhi. Na yupo paka mwingine ambaye watu hawamfikirii: yule anayefungiwa usiku ndani ya ghala la mahindi, na njaa yake, bila ya tone la maji, ati ili awe mkali kwa panya. Huyo ndiye anayekaribia kufanana na paka wa hadithi. Tena hesabu yenyewe ni mbovu, kwa sababu paka aliyeshiba huwinda vilevile. Kuwinda ni tabia aliyoumbiwa, si njaa peke yake inayomtuma.

Tukisha kulijua hilo, tutazame kwa nini paka wa kwanza alikimbia. Sisi watu wa pwani twaishi na paka tangu utotoni, lakini ni wachache kati yetu waliowahi kumpokea paka mgeni. Paka wa Lamu na wa Mji wa Kale, Mombasa, huzaliwa vichochoroni. Hujua kila baraza, kila mlango wa muuza samaki, na ni wa mtaa mzima. Hakuna amhamishaye. Paka wa Bungoma aliyepelekwa Kitale yuko katika hali nyingine kabisa. Paka huijua dunia yake kwa harufu, na harufu zote alizozizoea zimebaki nyuma. Mahali papya pana mbwa wa jirani, ng'ombe, malori ya mahindi na sauti za watu asiowajua. Akifunguliwa uani saa hiyo hiyo, hufanya lile ambalo kiumbe yeyote mwenye hofu angelifanya: hukimbia, na mara nyingi hukimbia akielekea kule alikotoka. Kumtia guniani ili asiione njia hakumsahaulishi kwao. Kwamzidishia kitisho tu.

Wahenga walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Kwa mgeni huyu wa miguu minne, jembe lingoje mwezi mmoja. Nasi twapenda kulieleza jambo hili hatua kwa hatua.

Kabla ya safari. Iwapo ni mtoto wa paka, asitengwe na mama yake kabla ya kutimiza wiki 8. Mkubwa au mdogo, asitiwe guniani. Kikapu chenye kifuniko, au boksi gumu lililotobolewa matundu, lamtosha. Mwombe wifi atandike ndani yake leso kuukuu aliyokuwa akilalia paka, isiyofuliwa, ili afike na kipande cha harufu ya kwao. Uliza pia alikuwa akila nini, uanze na chakula hicho hicho.

Nyumbani, kabla hajafika, ondoa sumu ya panya. Jambo hili halina mjadala. Paka akila panya aliyekula sumu, naye huweza kufa. Mwenye kutaka paka na sumu chini ya paa moja hatakuwa na paka. Dawa ya unga inayochanganywa na mahindi kuzuia dumuzi nayo ihifadhiwe mbali, kwani paka hujiramba mwili mzima, na kilichonata kwenye nyayo huishia tumboni. Vilevile, katika nchi ya wafugaji kama Trans Nzoia, mtu huweza kumhurumia paka mwenye viroboto akampaka dawa ya kupe ya ng'ombe au ya mbwa. Zimo kati ya dawa hizo zinazomuua paka, hasa zenye pamethrini. Na asipewe Panadol kamwe. Hata kipande kidogo chaweza kumwangamiza.

Siku za mwanzo. Mtengee chumba kimoja kidogo, chenye madirisha yanayofungika, mbali na ghala. Laza boksi ubavu awe na pa kujificha. Weka maji na chakula upande mmoja, na upande wa mbali zaidi weka karai lenye mchanga mkavu au unga wa mbao kutoka kwa seremala, kwa haja zake. Usimchanganyie msala na meza. Paka ni mnyama msafi, naye hukataa kula karibu na uchafu wake.

Kumbuka pia baridi. Kitale iko takriban mita 1,900 juu ya usawa wa bahari, na Bungoma iko chini yake kwa mamia ya mita. Paka atokaye Bungoma ataziona tofauti usiku wa kwanza. Blanketi kuukuu ndani ya boksi lamtosha. Jiko la makaa lisiwekwe kamwe katika chumba kilichofungwa, kwa ajili ya paka wala ya mwanadamu, kwani moshi wake usioonekana umeua watu wengi usingizini.

Huenda akajificha siku nzima asitoke. Mwache. Kumvuta kwa mkia au kwa ngozi ya shingo ili ‘azoee’ kwamfundisha kwamba mikono ya nyumba hii ni ya kuogopwa. Huenda pia asile siku ya kwanza. Lakini zikipita siku mbili hajaonja kitu, mwone daktari wa mifugo, maana paka akikaa na njaa hupatwa na maradhi ya ini yanayoweza kumuua.

Kuhusu chakula, wahenga walituambia kwamba paka hashibi kwa wali, matilaba yake panya. Maana yake ya kawaida ni sahihi pia: mwili wa paka wahitaji nyama au samaki, na ugali mtupu haumtoshi hata ukijaa sahani. Omena zinapatikana kwa wepesi katika masoko ya Kitale na Bungoma. Zichemshwe bila chumvi, zipoe, apewe kidogo kidogo. Ama maziwa ya ng'ombe, ambayo sote twayadhani kuwa ndiyo takrima ya paka, huwaharisha paka wengi wakubwa. Maji safi ndiyo takrima.

Mtoto na paka. Hapa twamwomba dada yetu asimweke kando yule mwanawe aliyelia. Kilio cha mtoto juu ya kiumbe mdogo si upuzi. Mtume (s.a.w.) alimjua mtoto Abu Umayr, nduguye Anas bin Malik, aliyekuwa na ndege mdogo wa kuchezea. Ndege yule alipokufa mtoto akahuzunika, naye Mtume alimliwaza kwa kumuuliza habari za ndege wake. Basi mtoto apewe kazi katika mapokezi haya. Kila jioni akae chini chumbani, mbali kidogo na boksi, adurusu somo lake la madrasa kwa sauti ya chini. Asimkodolee paka macho wala asinyooshe mkono. Paka ataizoea sauti hiyo, na siku moja atatoka mwenyewe aje anuse vidole. Siku hiyo mtoto atakuwa amejifunza subira bila ya kuhutubiwa.

Paka akishakula vizuri na kutembea chumbani bila woga, mfungulie chumba cha pili, kisha cha tatu. Nje asitoke kabla ya wiki 3 au 4. Siku ya kwanza ya kutoka iwe mchana na nyumba imetulia, kabla ya mlo wake, mlango ukiwa wazi nyuma yake, nawe ukiwa karibu. Baada ya muda mfupi gonga bakuli lake, umwite, umlishe ndani. Ghala apelekwe baadaye, naye awe na njia ya kutoka na maji ya kunywa humo. Akifika hapo, jembe lake ataliokota mwenyewe.

Afya ya watu wa nyumba. Paka akitimiza miezi mitatu apigwe chanjo ya kichaa cha mbwa, maradhi ambayo Kenya imeazimia kuyatokomeza kufikia mwaka 2030. Jina lisitudanganye, paka naye huyapata na kuyaambukiza. Mtu akiumwa au kuparurwa, jeraha lioshwe papo hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyo hiyo bila kungoja dalili, kwa sababu dalili zikishatokea ni nadra sana mtu kupona. Na mama mjamzito asisafishe karai la paka, kwani kinyesi chake chaweza kubeba vimelea vinavyomdhuru mtoto tumboni. Kazi hiyo aifanye mwingine, na aifanye kila siku, maana vimelea hivyo huhitaji siku moja au zaidi nje kabla ya kuwa na uwezo wa kuambukiza.

Twahara. Akina mama wengi hutuuliza juu ya swala katika nyumba yenye paka. Imepokewa na Imam Malik, Abu Dawud na Tirmidhi kwamba Kabsha bint Kaab alimwekea mkwewe, sahaba Abu Qatada, maji ya kutawadha. Paka akaja kunywa, naye Abu Qatada akakiinamisha chombo mpaka paka akanywa. Alipomwona Kabsha akistaajabu, alimfahamisha kuwa Mtume (s.a.w.) amesema paka si najisi, kwani ni katika wanaotuzunguka majumbani. Mwili wake na mate yake ni twahara. Mkojo wake na kinyesi chake ni najisi, navyo huoshwa. Katika madhehebu yetu ya Shafi, unyoya uliompukutika nao una hukumu ya najisi, lakini uchache wake husamehewa, wala asijitie dhiki mwenye nyumba. Mswala ukung'utwe, uwekwe mahali pa juu, na swala iendelee.

Twaomba mavyaa na mkaza mwana wasigombane juu ya hadithi ambayo wote wawili wameishika kwa ajili ya huruma. Mmoja achunge kwamba mlango umefungwa, mwingine achunge kwamba bakuli la maji limejaa, na kiumbe huyo atasalimika mikononi mwao. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Na kupona kwa mwenyeji hapa si kwa magunia ya mahindi tu, bali pia kwa ile rehema ambayo Mola huwapa wanaowarehemu walio ardhini.

Twamwomba Mwenyezi Mungu azijaalie nyumba zetu, za pwani na za bara, ziwe makazi ya amani kwa kila aliyemo ndani yake. Amin.